Kisanduku Kilichoenda Matangani

Ukishuka stejini Ruiri na uulize habari ya mtu yeyote, aliye hai au aliyezikwa, utaambiwa uende pale kliniki ukaongee na Mama Kinya. Mama Kinya ni mimi. Nimekaa kwenye dawati la mapokezi miaka sita. Mtu akiingia mlangoni, kabla hajasema anaumwa wapi, mimi nishajua kama ni tumbo, ni mimba au ni bwana. Na jioni nikifika nyumbani, mlango wangu haufungwi. Majirani wanakuja na vikombe vyao. Wengine wanakuja na sukari, wengine wanakuja na mdomo tu, na wote nawakaribisha.

Wa kwanza kufika alikuwa Ntinyari, siku zote. Alikuwa mwalimu wa darasa la nne, na ndiye aliyekuwa akifundisha kwaya ya shule. Kati ya boma lake na langu kuna ua wa miiba ya kaiyaba, lakini ua huo ni kama haukuwepo, maana Ntinyari alikuwa na masikio ya ajabu. Nikianza kusimulia jambo jikoni kwangu, yeye yuko kwake anakamua ng'ombe, nasikia tu sauti: "Mama Kinya, hebu rudia hapo kwa fundi! Ati alimwambia nini?" Kwenye kwaya aliweza kusimamisha watoto arobaini, amwoneshe kidole mmoja wa mstari wa nyuma kabisa: wewe, umeshuka sauti. Na kweli ndiye aliyeshuka.

Zamani kliniki yetu ilikuwa kama nyingine zote. Mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, daktari anaandika humo, mgonjwa anarudi nalo nyumbani analiweka chini ya godoro. Miaka miwili iliyopita mwenye kliniki aliamua tuingie kwa kompyuta. Akamleta fundi kutoka Embu, jina lake Njagi, lakini sisi tulimwita Injinia. Injinia akaniwekea kompyuta mezani na kando yake kisanduku cheusi cha WiFi chenye taa nne. Akanieleza kwamba mafaili hayatakaa hapa Ruiri. Yatakaa kwenye makompyuta makubwa huko ng'ambo, na sisi tutayafikia kwa intaneti.

"Kliniki ikiungua, faili iko. Kompyuta ikiibwa, faili iko," alisema.

"Na mwizi akitaka kuingia huko ng'ambo?"

"Hawezi. Ile ghala ya mafaili inafungukia laini ya simu iliyo ndani ya hiki kisanduku peke yake. Laini ingine yoyote, inaachwa nje. Umeshika hapo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naangalia kidole chake kama kina pete, kwa maana kuna msichana pale duka la dawa alikuwa ameniuliza.

Na tulipomaliza kunakili madaftari yao kwenye kompyuta, ni mimi niliyewatangazia wagonjwa, tena kwa sauti ya kushinda redio: "Hayo madaftari yenu sasa washieni moto! Tumekuwa watu wa kisasa!" Watu wakacheka sana. Ntinyari alikuwa kwenye foleni siku hiyo, naye alicheka.

Sasa njoo kwa mazishi ya Mzee Muthamia.

Mzee alikuwa na watoto watatu Amerika, na makaratasi yao hayakuwaruhusu kutoka huko na kurudi. Kwa hiyo kamati ya matanga ilimlipa Gikunda, yule wa kupiga picha za harusi, ili arushe mazishi laivu kwenye simu zao. Jumamosi saa sita mchana nilikuwa nafunga kliniki. Daktari Wanjira alikuwa ameshaondoka kwenda kwao Embu. Gikunda akaja mbio, shati limelowa jasho.

"Mama Kinya, niokoe. WiFi yangu imekufa asubuhi hii. Watoto wa mzee wamekaa huko wakingoja kuona baba yao akishushwa. Nitawaambia nini?"

"Unataka nini kwangu?"

"Hicho kisanduku. Mpaka jioni tu."

Hapa kwetu matanga hayaulizwi maswali. Mtu akija kuomba sufuria kubwa, unatoa. Akiomba viti, unatoa hata ulichokalia. Akiomba jenereta unatoa, na unaweka mafuta. Sijawahi kuona mtu aliyesema hapana kwa matanga halafu akaendelea kuishi na watu vizuri. Nikachomoa kisanduku ukutani, nikakifunga kwa leso kama mtoto, nikapanda boda boda na kukipeleka mwenyewe. Nilipewa kiti mstari wa tatu. Binti wa mzee alionekana kwenye skrini akilia, akasema anaona kaburi vizuri kabisa, anaona hata maua. Mimi nilijivuna. Nilimgonga Ntinyari kiwiko nikamnong'oneza, "Unaona? Hiyo ni kazi yangu." Akanifinya paja. Alikuwa akijipapasa kipaji cha uso, akasema kichwa kinamgonga, labda ni jua.

Jumapili baada ya kanisa Gikunda akanirudishia kisanduku ndani ya mfuko wa karatasi, waya umekunjwa vizuri. Nikapita kliniki nikakichomeka. Taa nne zikawaka. Nikafungua WhatsApp, ikafunguka. Nikaenda zangu nyumbani.

Jumatatu saa mbili asubuhi niliwasha kompyuta. Mfumo wa wagonjwa ukazungusha ule mduara wake, ukazungusha, halafu ukaandika kwamba umeshindwa kuunganisha, nijaribu tena. Nikajaribu tena. Nikapiga simu ya Injinia, haipatikani. Sikuhangaika sana. Wagonjwa walikuwa wanne tu, na mmoja alikuja kufunguliwa nyuzi. Nilimwambia Daktari mtandao unasumbua, akasema sawa, atatumia karatasi kwanza.

Saa tatu Murungi, bwana wa Ntinyari, akaingia amembeba mkewe mikononi.

Sijui nieleze vipi. Huyu ni mtu niliyempigia kelele juu ya ua jana yake jioni na hakujibu, nikadhani amelala. Shingo yake ilikuwa imekakamaa kama mti. Macho yako wazi. Nilimwita, "Mwendwa wangu, ni mimi," akaniangalia kama mtu anavyoangalia ukuta.

Daktari Wanjira ni mwembamba na haongei sana, na alikuwa na sisi miezi sita tu. Alimshika kichwa akajaribu kukiinamisha, Ntinyari akapiga ukelele. Daktari akainuka.

"Ni homa ya uti wa mgongo. Anachomwa sindano sasa hivi, halafu anapelekwa Meru. Mama Kinya, piga simu kwa gari la wagonjwa."

Alikuwa tayari amevuta dawa kwenye bomba la sindano Murungi alipomshika mkono.

"Daktari, ngoja. Ngoja kidogo. Mwaka juzi alichomwa sindano hapa hapa, akafura uso, koo likafunga. Tulimpoteza na akarudi. Walituambia hiyo dawa asiwahi kuguswa nayo tena."

"Dawa gani?"

"Sijui. Ilikuwa kachupa kadogo."

"Zote ni chupa ndogo, baba. Jina?"

Murungi akanigeukia. Na mimi nilikuwepo siku hiyo. Nilikumbuka blauzi ya kijani aliyovaa, nilikumbuka ni nani alikuwa kwenye foleni, nilikumbuka hata kwamba mke wa pasta aliangusha soda. Kwa wiki nzima nilisimulia habari hiyo jikoni. Jina la dawa sikuwahi kuuliza. Na daktari aliyemchoma alihama, akaenda kufanya kazi nje ya nchi, namba yake imekufa.

"Iko kwenye faili," nikasema. "Iliandikwa kwa rangi nyekundu."

"Basi fungua faili," akasema Daktari. Kisha akanisogelea, akashusha sauti. "Ile dawa ya kumwamsha mtu akifura koo iliisha wiki iliyopita, na haijaletwa. Nikimchoma na iwe ndiyo ile, anafia mikononi mwangu. Nisipomchoma, homa inamla. Nipe hiyo faili, Mama Kinya."

"Sasa hivi, Daktari."

Gari la wagonjwa lilikuwa njiani upande wa Isiolo. Walisema watakuja.

Injinia alipatikana mara ya tano. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alikuwa amepanda kwao Kibugu, kumsaidia mama yake kuchuma majani chai, na huko juu karibu na msitu simu inashika ukisimama sehemu moja tu.

"Injinia, sistem imekataa kabisa na kuna mgonjwa anakufa hapa!"

"Pole pole. Inasema nini?"

Nikamsomea.

"Intaneti iko?"

"Iko. WhatsApp inafungua, hata video inacheza. Ni faili tu zinakataa."

Nilisikia upepo, na mwanamke akimwita kwa Kiembu.

"Mama Kinya, nisikize vizuri. Hicho kisanduku kimeguswa na mtu? Kimetolewa hapo? Laini imebadilishwa?"

Murungi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Daktari alikuwa mlangoni, bomba la sindano mkononi. Wagonjwa wanne walikuwa kwenye benchi, na wote nawajua, na wote wananijua. Nikawaza: nikisema kilienda matangani, mwenye kliniki atasikia kabla ya saa sita. Halafu nikajiambia maneno ambayo nimeyarudia mara nyingi sana tangu siku hiyo. Nilijiambia: si intaneti inafanya kazi? Basi kisanduku ni kizima. Kutoka kwake na kurudi hakuhusiani.

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtu amekigusa."

"Una uhakika?"

"Kwani nakudanganya? Kiko palepale ulipokiweka."

"Basi shida iko upande wa ghala kule. Ningeanza na kisanduku, lakini kama hakijaguswa, tutafute kwingine."

Akanipeleka kwingine. Zima kompyuta, washa. Angalia tarehe na saa kama ziko sawa, kwa sababu saa ikikosea mlango haufunguki. Zilikuwa sawa. Zima ile programu ya kuzuia virusi. Jaribu na kompyuta ndogo ya Daktari. Chomoa kisanduku, hesabu hadi thelathini, rudisha. Kila mara ule mduara ulizunguka na kuzunguka, halafu maneno yale yale. Injinia akasema ataandikia wenye ghala waangalie huko kwao, na lazima ashuke barabarani kwenye network nzuri. Simu ikakatika.

"Anasema dakika kumi," nikamwambia Daktari.

Hakuwa amesema dakika kumi.

Daktari akarudi ndani kumfunika Ntinyari kwa vitambaa vya maji baridi. Murungi akasema atakimbia nyumbani kutafuta lile daftari la zamani, akapanda boda boda. Alirudi saa nne na nusu, nywele zimejaa vumbi. Alikuwa ameshika kipande: jalada na kurasa sita za mbele. Kulikuwa na malaria ya zamani, chanjo, na uzito wa mtoto wao alipozaliwa. Kurasa za nyuma zilikuwa zimechanwa.

"Tuliwashia jiko," alisema. "Si ulituambia."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemjibu.

Kutoka chumba cha ndani Ntinyari alikuwa ameanza kuongea ovyo. Alikuwa anahesabu, moja, mbili, tatu, nne, kama anavyoanzisha kwaya, lakini hakuna wimbo uliofuata. Anarudi kwa moja. Mama mmoja kwenye benchi akaanza kuomba kwa Kimeru kwa sauti ya chini. Daktari alikuja mlangoni mara ya tatu.

"Mama Kinya. Kama haifunguki niambie haifunguki, nijue nitafanya nini. Nitabahatisha, lakini nitajua."

"Inafunguka, Daktari. Injinia yuko juu yake. Ngoja kidogo tu."

Mimi ndiye niliyemfanya angoje. Kompyuta haikumwahidi kitu.

Saa tano na robo simu ikalia. Injinia alikuwa amefika barabarani, sauti sasa ilikuwa safi kama amekaa hapo.

"Wenye ghala wanasema kwao hakuna shida. Wanasema kuna mtu anabisha hodi tangu asubuhi na hawamjui. Hebu nifungulie ukurasa huu nikutajie, utakuonyesha namba. Nisomee."

Nikasoma namba.

"Rudia."

Nikarudia.

"Mama Kinya, hiyo si namba yetu. Hiyo ni laini ya mtu wa kawaida tu, wa barabarani. Geuza kisanduku. Fungua kifuniko kidogo cha chini. Laini yetu niliichora alama kwa kalamu nyekundu. Unaiona?"

Nikafungua kwa kucha. Laini ilikuwepo. Alama haikuwepo.

"Haina alama," nikasema. Injinia akaongea polepole, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Nilikuambia siku ya kwanza. Ghala inajua laini moja. Intaneti inaweza kuwa nzuri namna gani, kama si ile laini, inaachwa nje. Nani ako nayo?"

"Nitakupigia," nikasema.

Nilitoka nyuma ya kliniki karibu na tangi la maji na nikampigia Gikunda.

"Aa, laini yenu!" alisema, mchangamfu kabisa. "Siku ile ilikuwa inavuta video kwa shida, inakataakataa, nikaweka yangu. Nilisahau kurudisha. Si iko hapa kwa kava ya simu yangu. Kwani mnaihitaji?"

Alikuwa stejini. Alifika kwa dakika sita. Dakika sita, na nimezihesabu. Nilimpokea langoni, nikaichukua ile laini mkononi mwake, nikamwambia bila kumwangalia usoni: "Mtu akiuliza, ilikuwa network. Umesikia? Network ilikuwa chini." Gikunda akachungulia ndani akamwona Murungi ameketi sakafuni kichwa kati ya magoti. Kile kicheko kikamtoka usoni. Akaitikia kwa kichwa.

Niliingiza laini. Taa zikawaka zile zile nne, rangi ile ile, huwezi kujua tofauti. Mduara ukazunguka mara moja. Faili ya Ntinyari ikafunguka kama haijawahi kukataa.

Maandishi mekundu yalikuwa mstari mmoja. Dawa iliyomdhuru ilikuwa sindano ya kutuliza maumivu, aliyochomwa siku mgongo ulipomshika. Haikuwa na uhusiano wowote na ile iliyokuwa mkononi mwa Daktari tangu saa tatu.

Daktari alisoma, akafumba macho, akafumbua. Akaingia ndani akamchoma. Haikuchukua hata dakika moja. Gari la wagonjwa lilifika saa sita kasoro, Ntinyari, Murungi na Daktari wakaondoka nalo kwenda Meru, na mimi nikabaki na benchi tupu na kompyuta inayofanya kazi vizuri.

Jioni Injinia alinipigia.

"Mgonjwa yuko aje?"

"Amelazwa. Hajazungumza."

"Mama Kinya, nilikuuliza."

"Najua."

"Kwenye ripoti nitaandika kulikuwa na shida ya laini. Hiyo ni kweli. Yale mengine ni yako, sitayaandika wala sitayasema." Na tangu siku hiyo, ikiwa kuna kitu cha kurekebisha, anamtumia Daktari ujumbe, hanipigii mimi.

Watu waliuliza, kama ilivyo kawaida yao. Walijaa nyumbani kwangu usiku huo na kesho yake. Mimi, ambaye sijawahi kuficha hata mimba ya mtu, niliwaambia network ilikuwa chini. Wakasema hiyo network ya siku hizi itatumaliza. Mzee mmoja alisema yeye tangu mwanzo hakupenda kompyuta. Chai iliisha mara mbili.

Ntinyari alikaa Meru wiki tatu. Alipotoka, tulimchinjia kuku. Alikonda, alitembea ameshika ukuta, lakini alikuwa hai, na wanawake wa kanisa walipiga vigelegele kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilimwona anatabasamu huku akiangalia midomo yetu, mmoja baada ya mwingine. Nilidhani ni uchovu. Kesho yake asubuhi nikamwita juu ya ua wa kaiyaba, "Mwalimu! Umeamkaje?" Alikuwa hatua tano kutoka kwangu, ananipa mgongo, analisha kuku. Nikaita tena. Kuku ndio waliogeuka.

Murungi alinieleza baadaye. Daktari wa Meru alisema ile homa huwa inakula masikio ikicheleweshwa. Alipoulizwa kama sindano ya saa tatu ingeyaokoa, alisema labda, hakuna anayeweza kuapa. Hiyo labda ndiyo ninayolala nayo. Shule ilimpa likizo, kisha wakampa barua ya kumwachisha kazi. Kwaya ilichukuliwa na mwalimu mwingine, na watoto wanaposhuka sasa, wanashuka mpaka mwisho wa wimbo.

Bado alikuja kwangu kila jioni. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na jiko, na daftari la shule magotini, kwa sababu sasa hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kuongea naye. Kila mtu aliyemtembelea aliandika humo, na yeye akajibu kwa mdomo, kwa sauti ambayo siku zingine ilikuwa juu sana na siku zingine haikusikika. Baada ya muda akachoka kutojua sauti yake iko wapi, akaanza kuandika pia. Mimi nilimwandikia habari zote. Nani ameachwa, nani amenunua shamba, mke wa pasta amenyoa. Watu wakicheka, Ntinyari alicheka nyuma yao kidogo, akishamaliza kusoma, na kufikia hapo wenzake wameshaingia kwa jambo lingine. Niliandika haraka zaidi. Nilijaza kurasa. Nilidhani nikijaza kurasa za kutosha hapatabaki nafasi ya kuniuliza.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, jioni moja alifika peke yake. Wengine walikuwa wanangoja mvua ipungue. Nilikuwa nimeteleka maziwa ya chai jikoni. Alijipangusa miguu, akakaa, akafungua daftari, akaandika mstari mmoja kwa ule mwandiko wake wa ubaoni, akanipa.

*Siku ile faili yangu ilikataa kwa nini?*

Nilishika kalamu. Mvua ilikuwa inapiga mabati, kelele ambayo yeye hakuwa nayo. Hakukuwa na benchi, hakukuwa na Daktari, hakukuwa na mwenye kliniki. Tulikuwa sisi wawili tu na swali lile lile.

*Network ilikuwa chini,* nikaandika.

Akasoma. Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mwalimu anayesahihisha kitabu cha mtoto aliyemjua tangu zamani. Halafu akarudisha kurasa nyuma. Zilipita harusi, talaka, shamba, mke wa pasta, mwandiko wangu, mwandiko wangu, mwandiko wangu. Akafika ukurasa mmoja uliokunjwa pembeni. Ulikuwa na herufi kubwakubwa za mtu asiyezoea kuandika.

*Mwalimu pole sana. Sikujua laini yangu ndio itazuia faili yako. Nilirudisha ya kliniki nikaambiwa tuseme ni network. Nimeshindwa kukaa nayo. Gikunda.*

Juu kulikuwa na tarehe. Ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Wiki tatu alikuwa amekaa kwenye kigoda hicho kila jioni, akicheka nyuma ya wengine, akiningoja.

Basi nikaanza kuongea. Sikushika kalamu, nilisahau kalamu kabisa, niliongea kwa mdomo kama nilivyozaliwa. Nilimwambia ilikuwa ni matanga, na mtu hakatai matanga. Nilimwambia na wewe ulikuwepo, uliona yule binti akimwona babake. Nilimwambia watu walikuwa wananiangalia, nilimwambia sikujua, kisha nikamwambia nilijua, nilimwambia ilikuwa neno moja tu nililosema, hapana, na baada ya hapo nilikosa mahali pa kulirudisha. Alikuwa akiangalia midomo yangu. Nadhani alishika maneno mengine, maana sasa alikuwa amejifunza kidogo. Nilimshika mkono ili aendelee kuangalia.

Akautoa mkono wake taratibu, akaweka daftari magotini, na akafumba macho.

Niliendelea kuongea. Nyuma yangu maziwa yalipanda, yakafurika, yakamwagikia makaa kwa kelele, na harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Niliyasikia mimi peke yangu, wala sikuinuka.